Aibu si toba: akina Birling mbele ya Inspekta

Ukiondoa pesa zilizoibwa ofisini, hakuna jambo katika tamthilia ya An Inspector Calls ambalo polisi wa Uingereza wa mwaka 1912 angejisumbua kulifungulia jalada. Mwenye kiwanda alimfukuza kazi msichana aliyeongoza mgomo, na sheria ilimruhusu. Binti yake alimlalamikia mhudumu wa duka, na mteja ana haki ya kulalamika. Mchumba wa binti alimweka msichana kinyumba kwa miezi kadhaa, kisha akaachana naye. Mama mwenye nyumba aliishawishi kamati ya hisani imnyime msaada mwanamke mjamzito, na kamati ilikuwa na mamlaka hayo. Kila mmoja, ukimchukua peke yake, ana la kujitetea. Msichana waliyepokezana mkononi, Eva Smith, amekunywa dawa kali ya kuulia vijidudu akafa.

J. B. Priestley alijenga tamthilia yake yote ndani ya pengo hilo, kati ya kinachoshtakiwa mahakamani na kinachoua. Aliiandika Vita Kuu ya Pili vikielekea ukingoni, na hadi leo inasomeshwa katika shule za sekondari za Uingereza na kurudishwa jukwaani mara kwa mara. Wengi huisoma kama hadithi ya mafunzo: tajiri mbaya, maskini mwema, mpelelezi wa haki. Usomaji huo haujakosea, ila unaishia kizingitini. Swali zito zaidi la Priestley ni hili: familia inayoheshimika inafanyaje kazi hadi watu wake watano washiriki kumwangamiza mtu mmoja, na hakuna hata mmoja anayeona amefanya lolote?

Jibu linaanza kutolewa mezani, kabla Inspekta anayekuja kuchunguza kifo cha Eva hajabisha hodi. Ni jioni ya majira ya kuchipua, mwaka 1912, katika mji wa viwanda wa kubuniwa uitwao Brumley. Arthur Birling, mwenye kiwanda, meya wa zamani na hakimu, anasherehekea uchumba wa bintiye Sheila na Gerald Croft, mtoto wa mwenye kampuni kubwa kuliko yake. Mzee anapomsifia mpishi, mkewe Sybil, aliyezaliwa tabaka la juu kuliko mumewe, anamkanya kwamba mambo hayo hayasemwi mbele ya mgeni. Birling hasahau kumdokezea mkwe mtarajiwa kwamba mvinyo wanaokunywa ni ule ule anaonunua baba yake. Baadaye atamnong'oneza kwamba huenda karibuni akatunukiwa jina la "Sir", mradi familia isijiingize katika kashfa.

Kisha anainua glasi. Katika hotuba ya kumpongeza binti yake, mzee huyu anatamka tumaini kwamba siku moja kampuni mbili hizo zitaacha kushindana na kuanza kushirikiana, gharama zishuke na bei zipande. Watazamaji wengi hucheka, maana ni utovu wa adabu kuchanganya posa na biashara namna hiyo. Lakini Priestley hakuweka maneno hayo kwa ajili ya kicheko tu. Gharama anayotaka ishuke ni mishahara. Ndoa ya Sheila inafungwa juu ya hesabu ile ile iliyomtoa Eva Smith kiwandani, na hesabu hiyo imetajwa waziwazi, kwa furaha, mbele ya bibi harusi mtarajiwa, na yeye analalamikia tu biashara kutajwa siku kama hiyo. Muda mfupi baadaye anaangalia pete.

Hesabu yenyewe tunapewa baadaye. Mwishoni mwa Septemba 1910, wasichana wa kiwanda cha Birling walikuwa wakilipwa wastani wa shilingi 22 na peni 6 kwa wiki. Wakaomba shilingi 25. Tofauti ni shilingi mbili na nusu. Birling akakataa, mgomo ukadumu wiki moja au mbili ukafa wenyewe, na viongozi wake wakafukuzwa, Eva akiwa mmojawapo. Mzee anayasimulia haya bila kutikisika. Mtu wa biashara asiyebana matumizi, kwake yeye, hajui kazi.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Mwanawe Eric, kijana mlevi anayefanya kazi katika ofisi ya baba yake, alikutana na msichana huyo huyo mwaka mmoja baadaye, akampa mimba, na ili kumsaidia akachota pesa za kampuni, kama pauni 50 kwa jumla. Pauni ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo kijana aliiba shilingi 1,000. Hiyo ni zaidi ya wiki 44 za mshahara kamili wa Eva. Ukitaka kuipima kwa nyongeza aliyonyimwa, ingetosha kumlipa zile shilingi mbili na nusu kwa wiki 400, yaani zaidi ya miaka saba. Pesa ambayo kampuni ilikataa kumlipa kwa jasho lake ilimfikia hatimaye, lakini ilimfikia kama mali ya wizi kutoka kwa mwanamume mlevi. Na alipogundua imetoka wapi, yeye, maskini asiye na kazi na mwenye mimba, akaikataa.

Baba anaposikia habari za wizi, hazungumzii polisi. Anataka kujua ni kiasi gani na kitafukiwa vipi upesi. Hapo ndipo Priestley anapoonyesha familia ni kitu gani katika nyumba hii. Ni mpaka. Nje ya mpaka, kuomba shilingi mbili na nusu ni kosa la kufukuzisha mtu. Ndani ya mpaka, kuiba shilingi elfu moja ni jambo la kuzungumza baba na mwana mlango ukiwa umefungwa. Birling si mtu asiye na kanuni. Anazo mbili, na anajua vizuri ipi inatumika wapi. Dakika chache kabla ya kengele ya mlango kulia, alikuwa akiwausia vijana wawili kwamba mtu ajali mambo yake na ya watu wake, na wala asiwasikilize wanaodai kwamba jamii nzima inategemeana. Aliamini anatoa wosia wa busara, kumbe anatoa maelezo kamili ya jinsi Eva Smith alivyokufa.

Unafiki unaozungumziwa hapa si ule wa mtu kusema uongo huku akijua ukweli. Ni mpangilio wa nyumba. Katika dakika za mwanzo Sheila anamtania Gerald kwamba kiangazi kilichopita alipotea, hakuonekana kwao. Gerald anajibu kwamba kazi zilimbana, na maongezi yanaendelea. Sheila anajua kaka yake anakunywa kupita kiasi, na Gerald anajua, lakini mama analazwa na imani kwamba mwanawe bado mtoto. Baba ana habari za kila shilingi kiwandani, hana habari mwanawe analala wapi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na adabu njema ndiyo inayozuia vipande hivyo visikutanishwe. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini nyumbani kwa akina Birling kata nazo hazizungumzi.

Mfano bora ni diwani Meggarty, mtu tusiyemwona jukwaani hata mara moja. Gerald anaeleza kwamba alikutana na msichana huyo, wakati huo akijiita Daisy Renton, katika baa ya jumba la burudani la Palace, mzee Meggarty akiwa amembana kwenye kona. Sybil anashtuka: yaani mheshimiwa diwani huyo? Gerald anastaajabu kwamba mama hana habari, maana mzee huyo sifa zake mbaya zinajulikana mji mzima. Sheila anaongeza kwamba msichana mmoja anayemfahamu alikwenda kumwona kwa shughuli zake katika ofisi za manispaa, akaponyoka huku blauzi imechanika. Baba yake anashtuka, si kwa aliyoyafanya diwani bali kwa binti yake kutamka maneno hayo. Angalia lililotokea hapo. Vijana wote wanajua. Wanawake wa mji wanajua kwa kuwa ni lazima wajue, la sivyo wataingia ofisini kwake peke yao. Asiyejua ni mwenyekiti wa kamati ya kusaidia wanawake wenye shida. Kutojua kwa Sybil ni anasa kama ule mvinyo.

Hapo utaona kwa nini Inspekta Goole anafanya kazi yake kwa utaratibu wa ajabu. Anahoji mtu mmoja kwa wakati mmoja, na picha ya marehemu anamwonyesha mmoja mmoja, mwingine asiione. Baadaye Gerald atautumia utaratibu huo kumtilia shaka: pengine zilikuwa picha tofauti za wasichana tofauti. Kama upelelezi, hoja yake ina nguvu. Lakini Goole haji kupata ukweli, anaujua tayari. Anakuja kuwafanya waambiane. Kila anayehojiwa anahojiwa mbele ya wengine, na adhabu pekee anayotoa usiku ule ni kwamba mume, mke, mtoto na mchumba wanasikia kwa mara moja yale ambayo nyumba ilijengwa ili yasisikiwe. Priestley hakatizi muda wala habadilishi mahali. Tuko katika chumba kile kile cha kulia, jioni ile ile, na hakuna anayepata nafasi ya kutunga maelezo mapya.

Kilele ni Sybil. Wiki mbili kabla, msichana mjamzito alifika mbele ya kamati yake akajitambulisha kuwa ni Bi. Birling. Sybil aliona huo ni ufedhuli wa wazi, akahakikisha msichana anatoka mikono mitupu. Inspekta anambana, lakini hatingishiki. Aliyekosa, anasema, ni mwanamume aliyempa mimba. Huyo atafutwe, alazimishwe kukiri hadharani, awe funzo kwa wengine. Sheila ameshaelewa na anamsihi mama yake anyamaze, lakini mama anazidi kuchimba. Mchimba kisima huingia mwenyewe: mlango unafunguliwa, Eric anaingia, na pazia la sehemu ya pili linashuka.

Kinaya hiki husifiwa kwa ustadi wake wa jukwaani, na sifa hiyo ni halali. Lakini sikiliza tena alichokisema mama huyu. Kanuni aliyoitoa ni sahihi. Mwanamume aliyempa mimba msichana kweli alipaswa kuwajibika. Unafiki wa Sybil hauko katika maneno yake, uko katika orodha ya watu anaodhani yanawahusu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Vilevile uongo uliomfanya akasirike, wa msichana kujiita Bi. Birling, ulikuwa karibu na ukweli kuliko kauli yoyote iliyotolewa katika kikao kile. Mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa Birling. Bibi alimfukuza mjukuu wake kwa kosa la kutumia jina la ukoo wake.

Ni vigumu kuisoma kazi hii bila kukumbuka mwandishi alikuwa wapi mwaka 1912. Priestley alizaliwa Bradford mwaka 1894, mtoto wa mwalimu mjamaa. Aliacha shule akiwa na miaka 16 akaajiriwa karani katika ofisi ya biashara ya sufu, na huko ndiko alikokuwa miaka ile ile ambayo Eva Smith anasukumwa kutoka mlango hadi mlango. Kisha akaenda vitani, ambako alijeruhiwa. Kwa hiyo Birling anapowahakikishia vijana kwamba vita haviwezekani, kwamba meli mpya ya Titanic haizami, na kwamba ikifika 1940 ugomvi wa mabwana na wafanyakazi utakuwa umesahaulika, aliyeandika maneno hayo ni mtu aliyewasikia akina Birling ofisini kwa masikio yake, na aliyelipa gharama ya uhakika wao.

Mzee huyo anabashiri pia kwamba amani na neema vitaenea kila mahali isipokuwa Urusi, ambayo siku zote itabaki nyuma. Historia ikamjibu kwa dhihaka: tamthilia ilionyeshwa kwanza Moscow na Leningrad, mwaka 1945, kwa sababu London hakukupatikana ukumbi. Jijini London ilipanda jukwaani Oktoba 1946, Ralph Richardson akiwa Inspekta na Alec Guinness akiwa Eric. Kabla ya onyesho hilo la London Waingereza walikuwa wameipa Labour ushindi mkubwa katika uchaguzi wa Julai 1945, wakitaka bima na matibabu visitegemee huruma ya kamati kama ya Sybil. Aliyekaa ukumbini mwaka 1946 alijua kamati zile zinavyofanya kazi, na huenda wengi walikuwa na mama au shangazi aliyewahi kusimama mbele ya kamati hizo.

Mizani hii lakini haina budi kupima pande zote. Hotuba ya mwisho ya Goole, anapoonya kwamba wasiojifunza kuwa ni viungo vya mwili mmoja watafundishwa kwa moto na damu, ni mahubiri, na mwigizaji asiye mwangalifu huigeuza mimbari. Kinaya cha Titanic nacho ni rahisi mno: kinampa mtazamaji raha ya kujiona mwerevu kuliko mjinga wa 1912. Zito zaidi ni jinsi Eric anavyosamehewa. Kwa maneno yake mwenyewe, usiku wa kwanza alijiingiza chumbani kwa msichana kwa nguvu, akiwa amelewa, akitishia kufanya fujo. Mahakama ya leo ingekuwa na jina la kitendo hicho, na si utovu wa adabu. Tamthilia inamhamishia upande wa wema kwa sababu analia na kumkaripia mama yake. Majuto yenye sauti kubwa yanafunika tendo lililo baya kuliko yote, na yule ambaye angeweza kupinga hana nafasi: Eva haonekani, hasemi, na kila neno lake linatufikia kupitia midomo ya waliomdhuru.

Mwongozaji Stephen Daldry alilitafutia pengo hilo dawa mwaka 1992 katika ukumbi wa National Theatre. Aliiweka nyumba ya akina Birling kama kasha dogo lililoinuliwa juu ya barabara yenye mvua, watoto wa mtaani wakichungulia kutoka chini, na mwishoni nyumba ikainama na vyombo kumwagika. Onyesho hilo lilizunguka kwa miaka mingi. Lilifaulu kwa sababu liliirudisha jukwaani ile jamii ambayo Birling alisema haipo.

Na sasa zile dakika za mwisho. Inspekta ameondoka. Gerald anarudi kutoka matembezini na habari: amekutana na askari anayemfahamu, na hakuna Inspekta Goole katika jeshi la polisi la mji. Birling anampigia simu mkuu wa polisi, akathibitishiwa. Gerald anapiga hospitali: hakuna msichana aliyeletwa amekufa. Furaha ikarudi. Glasi zikajazwa. Mzee akaanza kuwacheka watoto wake kwa kushindwa kuuona mzaha.

Hiki ndicho kipimo. Hakuna tendo hata moja lililofutwa na simu zile mbili. Msichana alifukuzwa kiwandani. Alifukuzwa dukani. Eric aliiba, kamati ilimnyima mtu msaada. Kilichofutwa ni uwezekano wa watu kujua. Wazazi na Gerald wanapona papo hapo, ishara kwamba kilichokuwa kikiwauma ni aibu, na aibu ikikosa shahidi huisha. Husemwa kwamba mpasuko huu ni wa vizazi, wazee dhidi ya vijana. Sivyo. Gerald ni kijana, na ndiye wakili mwerevu kuliko wote wa kurudisha mambo yalivyokuwa. Kinachomtofautisha na Sheila ni mali anayosubiri kuirithi. Anamrudishia Sheila pete aliyokuwa amemrejeshea, na Sheila anasema ni mapema mno. Katika tamthilia nzima, hilo ndilo tendo pekee la kuwajibika linalomgharimu mtu kitu.

Kisha simu inalia tena. Msichana amefariki njiani akipelekwa hospitali, na Inspekta anakuja kuuliza maswali. Wasomaji wa Kiswahili wanaomjua Gogol kupitia Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka, wataitambua mbinu hiyo: wakubwa wamedanganyika na mkaguzi bandia, ndipo inatangazwa kwamba wa kweli amefika. Kwa Gogol pigo linaangukia watu walioonywa juu ya ujio wa mkaguzi tu, si juu ya matendo yao. Akina Birling walionywa, wakapewa saa nzima ya kubadilika, wakaitumia kupiga simu kuhakikisha hawahitaji kubadilika.

Nadhani Priestley anatuachia jambo kali kuliko hukumu juu ya wazazi. Kabla ya kuondoka, Goole amewaambia kwamba Eva mmoja amekwenda lakini wamebaki mamilioni wa aina yake. Mmoja yumo nyumbani humo: Edna, mtumishi, aliyeambiwa asilale apate kuwapikia chai. Wengine wako kiwandani na watafika kazini asubuhi. Sheila na Eric wamelia, wamekiri, wamewashutumu wazazi wao kwa ukali wa kweli. Hata hivyo katika mazungumzo yote baada ya Inspekta kuondoka, hakuna anayemwambia Edna akalale, na hakuna, si mzee wala kijana, anayependekeza kwamba wasichana wa kiwandani wapewe zile shilingi mbili na nusu. Mwalimu anayeifundisha kazi hii angeweza kuacha swali la nani alimuua Eva, maana limejibiwa, akawauliza wanafunzi wake kwa nini nyongeza hiyo haitajwi tena. Wazazi wameona aibu na watoto wameingiwa na majuto, lakini uwajibikaji ungehitaji mtu wa kufungua daftari la mishahara, na daftari hilo halikufunguliwa na yeyote.